Msumeno Unaovuta Kushoto

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu msumeno wa spairo nikidhani nimepita njia. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na mmoja wenu amenitumia picha ya ukuta ambayo kwa kweli ningemsihi asimwonyeshe mwenye nyumba. Basi safu yote ya safari hii ni ya mdudu huyo, na mwenye picha asubiri, nitamfikia mwishoni.

Kwa aliyekosa toleo lile: ni mashine ya kushika mkononi, nene kama tochi kubwa, na kichwani ina biti nyembamba inayofanana na ya drili. Tofauti ni kwamba biti ya drili hukata kwa ncha, hii hukata kwa ubavu. Ile mifereji iliyojisokota ndiyo yenye makali, nayo huzunguka kwa kasi inayofika mara 30,000 kwa dakika kwa mashine nyingi. Unaizamisha ndani ya ubao, kisha unaipeleka utakako: mbele, kando, kona, duara. Wengine wanaiita RotoZip kwa jina la kampuni iliyoieneza. Ilianzia kwa mafundi wa kufunga bodi za jipsamu huko Marekani, na ukikumbuka asili hiyo hutashangaa inapokataa kazi fulani.

*

"Shikamoo fundi. Nafunga bodi za jipsamu kwenye chumba kimoja. Viboksi vya soketi tayari vipo ukutani, nami nilitaka nivifunike kwa bodi halafu nikate kuvizunguka, kama ulivyosema. Mara ya kwanza biti ilitoroka ikachora njia yake yenyewe. Mara ya pili imekula kiboksi chenyewe. Nakosea wapi?"
— Wa Chumba Kimoja

Marahaba. Unakosea nilipokosea mimi, na ushahidi bado ninao. Juu ya meza yangu ya kazi kimetundikwa kipande cha bodi chenye tundu la umbo la sikio la tembo. Nilikuwa nakata mstatili.

Tuanze na hiyo kutoroka. Ukiitazama biti kutoka upande wa mota, inazunguka kufuata mishale ya saa. Unapoisukuma mbele, yale makali yaliyotangulia yanapita kutoka kushoto kwenda kulia, yanaukwangua ubao kuelekea kulia. Ubao haukubali kuonewa, unaisukuma biti upande wa pili. Kwa hiyo msumeno huu huvuta kushoto. Ukienda juu unavuta kushoto kwako, ukirudi chini unavuta kushoto kwa mwendo wake, yaani upande ule mwingine wa ukuta. Hauchoki wala hausahau.

Mimi nilipambana nao kwa misuli karibu wiki nzima. Binti yangu, aliyekuwa akinishikia taa, ndiye aliyeuliza: "Baba, mbona kila ukikosea unakosea upande uleule?" Nikazima mashine nikanyamaza. Kile kitabu cha maelekezo kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Sasa, kama unavuta kushoto, dawa ni kuupa kitu cha kuegemea huko kushoto. Unapozunguka kiboksi kwa nje, kiweke kushoto kwa biti. Maana yake unazunguka kinyume cha saa. Hapo ule mvuto uliokuwa adui unaibana biti kwenye ukuta wa kiboksi, nayo inakifuata kama ng'ombe anayefuata ua. Ukizunguka kufuata saa, kiboksi kiko kulia, kushoto ni bodi tupu, na biti itaondoka zake. Bila shaka ndivyo ulivyofanya mara ya kwanza.

Mara ya pili ulipokula kiboksi, nadhani ulitumia biti ya mbao. Biti ya jipsamu ya kazi hii ina ncha laini isiyo na makali. Milimita chache za mwisho hazikati kitu. Ncha hiyo ndiyo inayosugua kiboksi wakati makali yaliyo juu yake yanakata bodi. Biti ya mbao ina makali mpaka mwisho, na kiboksi cha plastiki kwake ni siagi.

Kazi yenyewe naifanya hivi. Kwanza umeme unazimwa kwenye swichi kuu, na si kuzimwa tu, unapima kwa testa kila waya. Kisha nyaya zote nazikunja na kuzisukuma mpaka mgongoni mwa kiboksi, nazikandamiza kwa kidole gumba mpaka ziwe bapa. Hapa usiwe na haraka. Biti itaingia ndani ya kiboksi kwa makusudi, na waya ulioinua shingo utakatwa.

Napima katikati ya kiboksi kutoka sakafuni na kutoka kona ya ukuta, na namba mbili hizo naziandika sakafuni kwa penseli, palepale chini ya kiboksi, kwa sababu nimeshawahi kuziandika ukutani halafu nikazifunika kwa bodi. Bodi inapanda na kushikwa kwa skrubu chache, zote mbali na kiboksi. Usiikaze kwanza. Kiboksi kikiwa kimetokeza hata kidogo, bodi iliyokazwa inabinuka juu yake, na ukianza kukata inapasuka pembeni kabla hujamaliza.

Kina cha biti: unene wa bodi na milimita 3 hivi za ziada. Bodi ya milimita 12.5, basi weka kati ya 15 na 16. Usizidishe, huko nyuma hakuna unachokitafuta.

Washa mashine kabla haijagusa. Egemeza ukingo wa kitako chake (lile bamba la chini linalokaa juu ya unachokata) kwenye bodi, mashine ikiwa imelala nyuzi 45, halafu inyanyue polepole huku biti ikizama, mpaka kitako kikae chote bapa na biti iwe wima kwa bodi. Kutoka katikati sogea upande mmoja mpaka usikie kiboksi. Ndiyo, usikie. Jipsamu inatoa mvumo mzito, uleule. Biti ikigusa kiboksi mvumo unageuka kuwa mlio mkavu wa kugonga, tak-tak-tak, nawe unausikia mpaka viganjani. Hapo inamisha mashine, itoe biti, ivushe ukingo wa kiboksi na uizamishe tena kwa nje. Kisha kinyume cha saa, ukikandamiza kidogo sana kuelekea kiboksi. Penye kona usiipindishe kwa nguvu. Ikifika mwisho wa upande itakosa ukuta wa kuegemea, nawe unaigeuza papo hapo.

Kipande kikidondoka, malizia skrubu. Na chumba chako kikiwa na soketi nne, fanya ya kwanza ile itakayofichwa na kabati.

*

"Fundi, biti zinavunjika. Leo tatu. Nakata plaiwudi ya milimita 18. Je, nimeuziwa feki?"
— Aliyekasirika

Huenda. Lakini mkono wako naushuku kabla ya muuzaji.

Biti ya milimita 3.2 ni nyembamba kama njiti, na inakata kwa ubavu, yaani kila unapoisukuma unaipinda. Isikilize mota. Mashine isiyobeba kitu inalia kwa sauti ya juu kama mbu. Ukianza kukata sauti inashuka kidogo na kubaki hapo. Ikizidi kushuka, unasukuma haraka kuliko biti inavyoweza kutoa unga. Plaiwudi ya 18 haikatwi kwa mwendo wa jipsamu hata kidogo. Gundi iliyo kati ya tabaka zake inayachosha makali haraka, na biti iliyochoka huisukumi ikakata, unaisukuma ikavunjika. Ukisikia harufu ya kuungua na kingo zikawa nyeusi, biti imekufa ama umesimama mahali pamoja ukifikiri. Ibadilishe, au endelea kutembea.

Angalia na jinsi unavyoifunga. Chomoa plagi, au toa betri. Shina la biti liingie mpaka mwisho wa koleti (kile kishikio kinachobana biti), kisha lirudishe nje kiasi cha milimita 2, ndipo ukaze kwa spana. Ikining'inia nusu, inatetemeka na kukatika shingoni. Ikiingia mno mpaka mifereji ikamezwa na koleti, koleti inabana hewa na biti itateleza. Kile kitufe cha kuzuia ekseli isizunguke usikiguse mashine ikiwa bado inaenda, hata ikiwa ndiyo inaishilizia.

Na kama mashine yako inakubali koleti ya robo inchi, nunua biti nene ya milimita 6.35 kwa plaiwudi hiyo. Utakata polepole zaidi na kumwaga unga mwingi, lakini utamaliza na biti ileile uliyoanza nayo.

*

"Habari za kazi, fundi. Nabadilisha sinki la jikoni. Meza ni ya chipubodi yenye unene wa milimita 38, juu imebandikwa lamineti. Naweza kutoboa nafasi ya sinki kwa msumeno huu?"
— Mama wa Sinki

Nzuri, mama. Hapana. Biti nyingi za mashine hii hufika kama milimita 25 tu za kukata, na chipubodi ya 38 itakuchosha wewe na yenyewe. Azima jigsoo yenye bamba refu la meno madogo, toboa matundu manne ya drili kwenye kona, kata ukitokea chini ya meza ili lamineti isichanike juu. Kipande cha katikati kishikiliwe na mtu au kwa ubao uliopitishwa, kisikuangukie miguuni kikiondoka na kona ya lamineti. Ukimaliza, chipubodi iliyo wazi ipake silikoni au vanishi kote ndani ya tundu. Maji yakiipata inavimba, na hairudi.

*

"Nina kigae kimoja cha ukutani bafuni kinachotakiwa kuwa na tundu la bomba, katikati kabisa. Kikatio cha kawaida hakifiki katikati. Jirani anasema msumeno wa spairo unaweza, mimi naogopa."
— Mwenye Kigae cha Mwisho

Jirani yuko sahihi na woga wako pia una maana, hasa kama kweli ni cha mwisho.

Kwanza tujue ni kigae gani. Geuza uone mgongo. Kigae laini cha ukutani mgongo wake ni wa udongo uliochomwa, mara nyingi mwekundu au mweupe usiong'aa, na ukiulamba ulimi unanata (fundi aliyenifundisha alikuwa akivilamba kweli, nami sikuacha tabia hiyo). Hicho kinakatika. Kigae kigumu cha poseleni, kilichoshikamana sawasawa mpaka mgongoni na hakinywi maji, kitamaliza biti yako kabla biti haijakimaliza. Hicho mpelekee mwenye kikombe cha almasi na maji.

Biti ya vigae si kama ya mbao. Makali yake ni ya kabaidi au almasi, na kazi yake ni kusaga. Kwa hiyo haipendi kuzamishwa wima kwenye glezi, ule uso unaong'aa. Itateleza na kuchora. Mimi nabandika tepu ya karatasi juu ya kigae, nachora duara juu ya tepu, kisha ndani ya duara, karibu na mstari, natoboa tundu la kuanzia kwa drili na biti ya kabaidi ya vigae, ile yenye ncha kama mkuki, drili ikiwa imezimwa ule mtindo wa kugonga kama nyundo. Biti ya msumeno inaanzia humo.

Kigae kilale juu ya ubao laini au kipande cha zulia, kishikwe kwa klampu mbili zilizowekewa kadibodi. Kigae kinachotetemeka ndicho kinachopasuka. Kitako cha mashine nacho kibandike tepu, la sivyo kitaacha mikwaruzo ya kijivu kwenye glezi. Halafu nenda. Mwendo ni wa konokono. Utaona unga mweupe, mwembamba kuliko unga wa ngano, unapanda taratibu. Unga ukiacha kutoka, huendi popote, unapasha tu kigae moto. Pumzisha biti kila baada ya muda mfupi. Usimwage maji, mashine hii ni ya umeme na haikutengenezwa kwa kazi ya maji.

Kata milimita 2 ndani ya mstari, halafu rudi usage mpaka mstarini. Kifuniko cha bomba kitaficha dhambi ndogo, ndiyo kazi yake.

Unga huo una silika. Vaa barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95, si kitambaa.

*

"Mzee wangu, kwa heshima zote, hii mashine ni mchezo wa kuigiza. Jigsoo inakata kila kitu ulichokitaja. Miaka kumi nafanya useremala sijaikosa."
— Seremala

Ndugu yangu, kwa useremala wa mezani uko sawa na sikupingi. Mimi mwenyewe nikiwa na ubao juu ya meza na ukingo wa kuanzia, mkono unaenda kwenye jigsoo bila kuuliza kichwa. Jigsoo ina nguvu zaidi, na kona zake huwa kali. Msumeno wa spairo kila kona ya ndani unaiacha na mviringo wa nusu ya unene wa biti. Kwa biti ya 3.2 ni milimita 1.6, nawe unamalizia kwa tupa au kisu.

Lakini bamba la jigsoo linapanda na kushuka. Linahitaji nafasi nyuma ya unachokata. Nyuma ya bodi ya ukuta kuna kiboksi, kuna ukuta, kuna fremu, na bamba linagonga na kukurushia mashine mkononi. Biti hii haipandi wala haishuki. Ukiiwekea milimita 15 ni 15 hiyohiyo mpaka mwisho. Na haigeuzwi: kwenye dari, ukiwa juu ya ngazi, mwili umebaki ulipo na mkono unazunguka tundu la taa. Jaribu hivyo kwa jigsoo, huku unga unakuingia machoni, ndipo uniandikie tena.

*

"Naomba unifundishe kukata mstari ulionyooka, na pia duara la spika ya dari. Mkono wangu unatetemeka."
— Mkono Mwepesi

Mkono wa kila mtu unatetemeka kwenye mashine hii. Anayekwambia anakata mstari mnyoofu bila kielekezo, mwombe akuonyeshe upande wa pili wa ubao.

Kwa mstari, funga ubao mnyoofu kwa klampu uwe kielekezo, na uufunge kushoto kwa mashine. Umeshasoma jibu la kwanza, unajua kwa nini. Mvuto utakikandamiza kitako kwenye kielekezo mwanzo hadi mwisho, na wewe kazi yako itakuwa kusukuma mbele tu. Ukikiweka kulia utakuwa unapigania kila sentimita. Umbali kutoka ukingo wa kitako hadi biti usiuchukue kwenye kitabu. Kata mfereji mfupi kwenye kipande cha kutupa huku kitako kimeegemea ubao, upime kutoka ubao hadi ukingo wa mfereji, uandike namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya mashine yenyewe. Yangu ina namba tatu zilizofutwa na moja iliyobaki.

Duara lina mkono wake wa kufunga kwenye kitako, wenye msumari wa kusimama katikati. Kama spika inataka tundu la milimita 200, nusu yake ni 100, lakini usiweke 100. Biti ina unene. Ya 3.2 inakula milimita 1.6 kila upande wa mstari wake, kwa hiyo kutoka msumari hadi katikati ya biti weka 98.4. Ukisahau hilo tundu linazidi kwa milimita 3 na kidogo, na klipu nyingine za spika hazitashika.

Kuna mtego mwishoni. Msumari umesimama kwenye kipande kinachodondoka. Ukikaribia kufunga duara, kipande kinaanza kucheza, na wewe unacheza nacho. Hapo ndipo alama mbaya kuliko zote hupatikana, sentimita ya mwisho kabisa. Kabla ya kuifikia, zima, bandika tepu pana juu ya mfereji uliokwisha kukata sehemu mbili au tatu ili kipande kitulie, kisha malizia. Au mtu akishike kwa chini kwa ubao, vidole viwe mbali.

*

"Veneri ya mwaloni imechanika kando yote ya nilipokata. Biti mpya."
— Mpenda Mwaloni

Mifereji ya biti nyingi za mbao inavuta unga kuelekea kwenye mashine, na nyuzi za veneri, lile tabaka jembamba la mbao nzuri la juu, zinafuata unga. Uso mzuri uwe chini, mashine ije kwa mgongo. Kama haiwezekani, chora mstari kwa kisu chenye makali ukate veneri kabla, bandika tepu, upite nje ya chale upande wa kutupa.

*

"Mwalimu, je, nivae glavu? Na vumbi lake mbona ni jingi kiasi hiki? Nakata dari ya zamani niliyoikuta kwenye nyumba."
— Mnunuzi wa Nyumba Kuukuu

Glavu za kulegea hapana. Biti inayozunguka hivyo ikipata uzi mmoja haiuachii. Mikono miwili juu ya mashine, mikono ya shati imekunjwa, nywele zimefungwa. Miwani ya kinga inayoziba pembeni, na vya kuziba masikio, kwa sababu ule mlio wa mbu unachosha masikio kuliko unavyodhani. Biti usiishike baada ya kukata. Nimeishika.

Vumbi ni jingi kwa sababu mashine haikati vipande, inasaga. Funga kivuta vumbi kama ina tundu lake, na baada ya kazi ya jipsamu puliza matundu ya hewa ya mota. Unga wa jipsamu unaoingia humo unakula brashi za kaboni.

Lakini neno lililonishtua kwenye barua yako ni "zamani". Weka mashine chini kwanza. Bodi za dari na za ukuta za miaka ya nyuma nyingine zilitengenezwa kwa asibesto, na nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Hakuna mashine mbaya zaidi kwa bodi ya namna hiyo kuliko inayosaga kwa mizunguko 30,000. Huwezi kuijua kwa macho, nami siwezi kukuambia kwa barua. Kipande kidogo kipimwe maabara, na hata kukichukua mwachie anayejua kukilowesha na kukifunga. Rangi nyingine za zamani nazo zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Majibu yakija safi, niandikie, tutaongea habari ya kukata.

*

Na sasa mwenye picha. Hakuuliza swali, ameandika tu: "Fundi, ndiyo hivyo."

Nimeitazama mara nyingi. Kiboksi kiko mzima, hongera, lakini upande wa kulia mfereji umeondoka na kwenda karibu shibiri moja, ukapinda, ukarudi. Ulizunguka kufuata saa. Usijaze ufa huo kwa pasta ukadhani umemaliza. Bodi iliyozungukwa na mfereji imebaki na nyama kidogo na itapasuka siku mtu akichomeka plagi kwa nguvu.

Umeme ukiwa bado umezimwa, chora mstatili unaokizunguka kiboksi na ule mfereji wote, na uukate kwa msumeno mdogo wa mkono, siyo kwa mashine. Ndani ya tundu pitisha vipande viwili vya mbao, kimoja juu na kimoja chini ya kiboksi, virefu kuliko upana wa tundu, uvifunge kwa skrubu kupitia bodi nzima pande zote mbili ili viwe mgongo. Kata kiraka cha bodi yenye unene uleule, kipungue milimita 2 kila upande. Weka alama ya katikati ya kiboksi juu yake, kishike kwa skrubu mbili za pembeni tu, na sasa chukua tena mashine. Biti ya ncha laini, kina cha 15 au 16. Zama katikati, sikiliza tak-tak, vuka ukingo, kiboksi kikae kushoto.

Kikishatoka sawa, kaza skrubu zote, bandika mkanda wa viungio, pasta tabaka la kwanza jembamba. La pili lisubiri la kwanza likauke kabisa, lisiwe na alama ya kijivu hata moja. Msasa baada ya hapo, na barakoa usoni.